Unga wa Mubirizi na Kiatu cha Mama Mwavita

Walisema sitaweza. Walisema sokoni, walisema msikitini baada ya swala, na zaidi ya yote walisema uani kwa Mama Mwavita, ambako nusu ya mtaa wetu ilipita kunywa chai kabla ya kwenda kazini. Walisema mtu aliyesoma Kisangani, akapewa diploma yenye muhuri, hawezi kurudi Kindu kutwanga majani. Nani atatoa pesa yake kununua mubirizi, majani machungu yanayoota yenyewe kwenye ua wa kila nyumba, majani ambayo hata mbuzi wake anayakataa? Mzee Ramazani, mnunuzi wa dhahabu, alipaza sauti makusudi ili nisikie: "Huyu mutoto kabla ya mvua atakuja kuniomba kazi ya kubeba mufuko." Kalonda, muuguzi wa hospitali, hakucheka. Alisema tu kwamba ugonjwa wa sukari haujawahi kushindwa kwa kinu. Basi leo unga wangu wa mubirizi na maua yangu makavu ya ngaingai yanauzwa katika maduka ya dawa ya Kindu, yanapanda pikipiki hadi miji midogo ya Kama na Tunda, na kila pakiti ina jina langu. Diploma yangu nimeitundika mbele ya mlango, mahali ambapo mgeni anaiona kabla hajaniona mimi. Sijifichi. Mtu aliyefanya kazi ana haki ya kuonyesha kazi yake.

Mwezi uliopita nilivuka mto kutoka Alunguli kwenda kwenye arobaini ya Mama Mwavita. Alikufa mzee sana, usingizini, kitandani pake. Baada ya dua na pilau, binti yake Feza alitoa vitu vya marehemu akawagawia watu: vitenge, sinia, birika la shaba lililotoka kwa wazee wao waliokuja na misafara kutoka pwani. Nilikaa nyuma, nikijua mimi si ndugu wa damu. Feza akaniita mbele ya watu wote, akaniwekea mikononi kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa. "Mama alisema hivi njo vya Asumani," akasema, yaani ndivyo vyangu mimi. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vya mtindo wa zamani. Wajukuu walicheka, kwa kuwa viatu ni vya kike na vidogo, na kwa kuwa soli ya kulia ilikuwa imelika sana kuliko ya kushoto. "Bibi alikuwa anarukaruka?" aliuliza mmoja. Pale nilikifunga kifurushi tena, maana jibu lake ni refu. Ninamjibu hapa.

Mwaka ninaousema ulikuwa wa wakati wa Zaire, tulipokuwa tukiitana citoyen, yaani mwananchi, na redio ikituamsha kwa nyimbo za chama, na kila Jumamosi tukitoka na mapanga kwenda salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji. Nilikuwa nimerudi na diploma ya fundi wa maabara. Hospitalini waliniambia nafasi hakuna, nisubiri. Nilipanga chumba kwa Mama Mwavita, chumba kilichoshikana na jiko lake, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa tofali moja tu, tena usiofika juu. Kwa hiyo nililala na harufu ya iliki na kuamka na moshi, na sikuhitaji kutoka nje kujua habari za mji. Mama Mwavita alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na hakuna mtu Kindu aliyempita kwa vitu vitamu. Kaimati zake zilimung'unyika zenyewe. Visheti vyake viliagizwa kwa harusi zote za Waislamu, na kwa Wakristo pia. Sukari ilipotea madukani miezi mizima, lakini kwake haikukosekana. Sijui aliipata wapi, na hakuna aliyeuliza. Chai yake kijiko kilisimama ndani.

Ugonjwa wake niliujua kupitia ukuta ule. Asubuhi moja nilimsikia akizungumza na Feza, ambaye wakati huo alikuwa msichana.

"Mama, sisimizi wanapanga mustari tena bafuni."

"Mwaga maji ya moto."

"Nilimwaga jana. Wanarudi pale pale, unapokojoa."

"Basi na wao wanajua fasi iko utamu," alisema Mama Mwavita, na wote wawili wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani nikahesabu yale mengine: mtungi wa maji aliokunywa peke yake, macho yaliyoanza kuona ukungu, safari zake za bafuni. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Kalonda. Alikuwa mtu mwembamba, abakosi yake, lile koti la enzi zile lisilovaliwa tai, imepigwa pasi hata mikunjo ingeweza kukukata, na alikuwa akilinda dawa za hospitali kama mtu anayelinda mayai. Nilimwomba anikopeshe tyubu ya kioo na chupa ndogo ya dawa ya bluu, ile unayoichemsha pamoja na matone ya mkojo: ikibaki bluu hakuna sukari, ikigeuka kijani iko kidogo, ikiwa ya machungwa ni nyingi, na ikiwa nyekundu kama tofali basi mtu yuko hatarini. Kalonda alihesabu kwanza chupa zilizobaki kabatini.

"Citoyen Asumani, hii dawa nikiipoteza, nyingine inatoka Kisangani kwa treni hadi Ubundu na kwa meli hadi hapa. Utanirudishia?"

"Chupa nzima."

"Na mutu ukimukuta na sukari, unamuleta kwangu. Vidonge njo vya kwanza. Majani yako yatakuwa ya pili."

Nilikubali, na nikatimiza. Nasema hivi kwa sababu vijana wanaouza majani siku hizi wanawaambia watu watupe vidonge. Mimi sijamwambia mtu hivyo hata siku moja.

Mama Mwavita alikubali kupimwa kwa kuwa alinipenda, si kwa kuwa aliniamini. Tulikaa jikoni, nikashika tyubu juu ya jiko la mafuta kwa kibanio cha nguo, na yeye akatazama kama anatazama mchezo. Bluu ikawa kijani, kijani ikawa njano, njano ikawa tofali.

"Iko rangi muzuri," alisema.

"Mama, iko mbaya. Njo sukari."

"Weye! Masomo yote ile, miaka yote ile, njo ya kupika mukojo ya wamama?" Alicheka mpaka mabega yakatikisika. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Njo ile iliua dada yangu?"

Nilimwambia ndiyo, huenda ni ile. Kesho yake nilimpeleka kwa Kalonda, akapewa vidonge, vichache, kwa sababu vilikuwa vinakuja treni ikija, na treni ilikuja ilipotaka yenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza unga. Mwalimu wetu mmoja Kisangani alitufundisha kwamba majani ya mubirizi husaidia kushusha sukari kwa watu wengine, na kwamba chai ya maua mekundu ya ngaingai husaidia wenye tansio, ugonjwa wa damu kupanda unaochosha moyo. Alisema husaidia, hakusema huponya. Mubirizi sikuununua. Jumamosi za salongo, watu walipofyeka vichaka kando ya Lualaba na kuvirundika, nilikuwa nyuma yao na gunia, nikichuma majani kwenye marundo kabla hayajachomwa. Unaweza kufikiri jinsi walivyonicheka, mimi mwenye shati jeupe. Niliyaosha, nikayakausha kivulini juu ya mkeka, maana jua kali linayaua rangi, kisha nikayatwanga katika kinu cha Mama Mwavita, kile cha kutwangia sombe, majani ya muhogo. Alinikopesha bila neno. Chekecheke nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mizani, na mizani ya kupima vitu vidogo Kindu nzima walikuwa nayo watu wa dhahabu tu.

Mzee Ramazani alikuwa na yake, sahani mbili za shaba zinazoning'inia kwenye uzi, na alipima dhahabu ya wachimbaji wa Kama kwa njiti za kiberiti na sarafu za zamani. Sarafu ya likuta moja, ambayo haikununua tena hata karanga, kwake ilikuwa bado na thamani kama uzito. Nilikwenda kwake nyumbani, nikamkuta amenyoosha miguu iliyovimba.

"Unataka mizani yangu upimie majani," alisema. "Watu watasema Ramazani ananunua dhahabu ya kijani."

"Watasema Ramazani alimukopesha mutu wa diploma."

"Diplome yako iko na uzito gani? Tuipime na likuta." Lakini aliitoa mizani, akaifunga kwa kanga ya mkewe, akaniongezea na sarafu yenyewe. "Nikifa kabla hujarudisha, nitakuja kuidai usiku."

Kwa hiyo dozi yangu ya kwanza ilikuwa uzito wa likuta moja, asubuhi, ndani ya maji, kabla ya kula. Mama Mwavita alikunja uso, akapiga paja, akaapa kwamba hata kuzaa hakukuwa hivi. Lakini alikunywa, akameza na vidonge vyake, na baada ya wiki chache rangi ya tofali ikawa ya machungwa, ikawa njano, na siku moja ikawa kijani. Alitoka nje ameishika tyubu juu kama mtu aliyeshinda kombe. Wenye sukari wa mtaa wakaanza kuja na chupa zao za mkojo asubuhi, wakipanga foleni kwenye ukuta wa jiko, wakiwa na aibu na kicheko. Mzee Ramazani alikuja kwa ajili ya tansio, nikampa ngaingai. "Iko kama damu ya kuku," alisema, lakini alirudi kesho yake. Nilikuwa nimeanza kutembea mtaani na kichwa juu, na nilistahili.

Halafu ikaja Maulidi. Kwa watu wa Kindu, hasa sisi tuliotokana na zile nyumba za kale za biashara, Maulidi bila vitu vitamu haijafanyika. Uani kwa Mama Mwavita kuliwashwa moto kuanzia alfajiri. Nilikuwa ng'ambo kwa shughuli, na niliporudi nilikuta watu wote wa foleni yangu, mmoja mmoja, wamekaa mkekani wakila visheti, tena kwa furaha ambayo sikuielewa. Visheti vyenyewe vilikuwa na rangi ya kijani.

"Kula, mutoto wangu," Mama Mwavita aliniambia, uso unang'aa. "Nimeweka unga yako ndani. Uchungu unafuta utamu. Sasa wagonjwa wote watakula Maulidi kama watu."

Alikuwa amemimina pakiti yangu nzima kwenye unga wa ngano, kisha, ili kufunika uchungu, akaongeza sukari mara mbili. Na mji mzima ulikuwa umekubaliana naye. Kwetu dawa inajulikana kwa uchungu wake, na kitu kichungu hivyo lazima kitakuwa na nguvu ya kuila sukari tumboni, kama paka anavyomla panya. Hakuna aliyeona kosa. Mzee Ramazani alikuwa ameshika vitatu mkononi. "Sasa hii njo diplome," alisema.

Kabla sijawaambia waache kula, Mama Mwavita aligeuka kwenda kutoa karai motoni. Alisimama pale, akipindua visheti, akiimba kidogo pamoja na kaswida iliyokuwa ikitoka msikitini. Kisha akanusa hewa.

"Nani anaunguza nyama?" aliuliza. "Feza, nani ameweka nyama motoni siku ya leo?"

Hakuna aliyeweka nyama. Feza ndiye aliyetazama chini kwanza. Mguu wa kushoto wa mama yake ulikuwa umesimama juu ya kaa la moto lililodondoka, na mama yake alikuwa anaimba.

Sijasahau kelele ya Feza. Tulimvuta, tukamkalisha, na yeye alikuwa akitushangaa sisi: hakusikia kitu. Sukari ilikuwa imeua hisia za nyayo zake kwa miaka bila yeye kujua. Kesho yake nilipima foleni nzima. Tofali, tofali, tofali, kila tyubu. Watu walinitazama mimi, si visheti. "Unga imeshindwa," walisema, wakaondoka na chupa zao, na uani kukabaki kimya. Hata redio ilionekana kusema polepole.

Kidonda kilikataa kupona. Kiliingia ndani, kikaanza kunuka, na kidole kidogo kikabadilika rangi. Daktari wa hospitali, mtu mwenye haraka, alikuja kukiangalia akasema anakwenda ziara ya Kibombo; akirudi, kama weusi umepanda, atakata mguu. Alisema chini ya goti, na akaonyesha kwa ukingo wa mkono wake. Jioni ile Mama Mwavita aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani na jozi ya viatu vyeusi mapajani, vile alivyoletewa na marehemu mumewe kutoka Bujumbura, ambavyo alikuwa hajavivaa zaidi ya mara mbili kwa kuogopa kuviharibu. Alinipa cha kushoto.

"Shika."

"Mama, nifanye nini nacho?"

"Nakukopesha. Nikiwa na miguu mbili, utanirudishia. Nikiwa na mumoja, ubaki nacho, mi sitaki kukiona." Kisha akavaa cha kulia, akafunga kamba vizuri. "Huyu mukubwa wa kulia hana kosa. Kwa nini akae pekupeku?"

Tangu siku hiyo alivaa kiatu kimoja kila siku, jikoni, sokoni, hata kwenye tyubu ya asubuhi, na mguu mwingine bandeji. Cha kushoto nilikiweka kwenye sanduku langu, juu ya diploma. Mtu akiwa na diploma na kiatu cha mama wa watu ndani ya sanduku moja, halali vizuri.

Nilifanya nini? Nilichukua jiko. Nilisimama mbele ya mpishi mkuu wa Kindu nikamwambia kuanzia leo mimi ndiye ninayepanga sahani yake, na yeye, aliyeamrisha hata wazee, akaniachia kijiko. Sukari niliitoa nyumbani, Feza akaipeleka kwa shangazi yake. Bugali ilikuwa ya ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, si ya ngumi yangu. Sombe nyingi, mafuta ya mawese kidogo, mboga ya lengalenga, samaki wa Lualaba wa kuchoma. Chai ikawa ngaingai isiyotiwa kitu. Unga wa mubirizi uzito wa likuta, na vidonge kwa saa, na chakula juu yake lazima, maana asubuhi moja alimeza vyote viwili akaenda sokoni bila kula, sukari ikashuka mno, akaanza kutetemeka na kutoa jasho baridi mpaka muuza ndizi akamlisha. Kalonda alinifokea siku hiyo: "Majani yako nayo ni dawa, si mboga. Sasa umeamini?" Yeye mwenyewe alipita kila alfajiri kabla ya kazi, akavua koti la abakosi, akalitundika kwenye msumari, akapiga magoti sakafuni kuosha kile kidonda na maji ya chumvi yaliyochemshwa. Hakuombwa. Dawa ya kidonda ilipokwisha hospitalini, Mzee Ramazani aliagiza kwa wachimbaji wake, na ikafika kutoka Bukavu ndani ya mfuko wa karanga.

Cha ajabu ni kwamba watu walianza kurudi. Walikuja kumwona mgonjwa, wakamkuta anakula sahani ile bila sukari, amevaa kiatu kimoja, na anawafukuza wale wanaomwonea huruma. "Weye unaniangalia nini? Kalete chupa yako tuone nani ataharibu tyubu leo." Asubuhi zikawa mashindano. Mtu akitoka kijani alipigiwa makofi, akitoka tofali aliulizwa mbele ya wote alikula nini jana, na uongo haukufaa, maana mke wake alikuwepo.

"Nilikula ndizi moja tu."

"Ndizi au mukungu?" aliuliza Mama Mwavita.

"Ndizi... na kachai."

"Kachai! Kijiko ngapi?" Na uani wote ukacheka, na yule mtu akaapa kwa Mungu kwamba kesho atatoka bluu, na mara nyingine alitoka kweli. Niliwaeleza wakati huo kile ambacho hakikuingia vichwani mwao kwenye Maulidi: unga haufuti kitu chochote kilichoko kwenye sahani. Unga unamsaidia mtu ambaye tayari amejisaidia. Walilielewa kwa sababu walimwona mwanamke aliyekuwa sukari yenyewe akiacha sukari.

Siku daktari aliporudi kutoka Kibombo, tulikuwa wote pale: mimi, Feza, Kalonda akiwa amenyooka kama anapokea waziri, na Mzee Ramazani akisema amepita tu, njiani kwenda kwingine, ingawa alikuwa amekaa tangu asubuhi. Daktari alifungua bandeji. Kidole kidogo kilikuwa kimekwenda, hilo lazima niliseme. Kilijitenga chenyewe wiki moja kabla. Lakini weusi haukupanda. Ukingo wa kidonda ulikuwa mwekundu, laini, wa nyama mpya. Daktari aliubonyeza, akanusa, akaangalia tyubu ya asubuhi niliyoiacha dirishani makusudi, bluu kama anga. "Nani amemtunza?" aliuliza. Kalonda alinionyesha mimi. Mimi nilimwonyesha Kalonda. Mama Mwavita akasema, "Mi mwenyewe. Hawa waliimba tu." Daktari akafunga begi lake, akasema msumeno wake una kazi nyingine.

Kidonda kilichukua miezi mingine kufunga. Katika miezi hiyo unga wangu ulitoka mtaani ukaenda Mikelenge, ukavuka mto, ukafika vijiji vya Pangi. Nilipata nyumba ndogo Alunguli yenye veranda pana ya kukaushia majani, nikatengenezewa kinu kikubwa cha mti mgumu, nikaagiza mizani yangu mwenyewe na kreti ya tyubu. Ndipo nikasema sasa imefika siku ya kuwarudishia watu vitu vyao, na nikachagua Ijumaa, baada ya swala, mchana kweupe, ili wale waliosema sitaweza waone vizuri.

Nilivaa suti. Nilianza na Kalonda: tyubu yake, bila hata ufa, na chupa nzima ya dawa ya bluu iliyokuja kwa meli kutoka Ubundu, na ya pili juu yake. Aliziinua kwenye mwanga moja moja, akaziweka kabatini, akafunga kwa ufunguo, ndipo akanipa mkono. "Ugonjwa haushindwi kwa kinu," alisema, "lakini kinu kinasaidia." Kwa Kalonda hiyo ilikuwa hotuba ndefu. Kisha Mzee Ramazani, miguu yake sasa imepungua ndani ya ndala. Nilimpa mizani ndani ya kanga ile ile, imefuliwa, na sarafu yake. Aliiweka sarafu kwenye sahani moja, akaniomba diploma. Nilikuwa nayo mfukoni, nimeikunja, nilijua ataniomba. Akaiweka kwenye sahani ya pili, na ile karatasi nene ikaenda chini, likuta ikapanda juu. Alicheka mpaka akakohoa. "Haya," alisema, "nimeshindwa. Iko na uzito."

Wote wawili walinifuata hadi kwa Mama Mwavita, na watoto wa mtaa nyuma yao, maana nilikuwa nimebeba kinu chake begani na hilo lilikuwa jambo la kutazamwa. Nilikitua mbele ya jiko. Aliingiza kidole ndani, akaonja, akakunja uso ule wa siku ya kwanza.

"Mutoto wangu, kinu hiki kimekufa. Sombe yangu itakuwa chungu mpaka kiama."

Nilimwambia kuna kipya, cha mti wa Tunda, kinakuja na mkokoteni. Akakataa. Kipya nikipeleke kwangu, alisema, yeye atakula sombe chungu, ni dawa. Watu wakacheka, wakaanza kukaa mkekani wakijua kwamba kuna chakula. Lakini yeye hakukaa. Alisimama mlangoni, kiatu cha kulia kimefungwa kamba, mguu wa kushoto wazi, kovu lake limekauka na kung'aa, na alininyooshea mkono.

Nilitoa cha kushoto ndani ya koti langu. Nilikuwa nimekipaka rangi. Feza akasogeza kibao, lakini mimi ndiye niliyepiga magoti, na suti yangu, katika vumbi la ule ua, nikauingiza mguu wenye vidole vinne ndani ya kiatu, polepole, nikafunga kamba, si kwa kukaza sana. Alisimama. Akatembea kutoka mlangoni hadi motoni, akageuka, akarudi, na watu wote wakatega masikio: kiatu cha kulia, kilichozeeka kwa kazi, hakikutoa sauti yoyote, na cha kushoto, kipya bado, kililia kila alipokanyaga.